Seva Tuliyoifunika Leso

Mgeni rasmi, Bi Hafswa Zein, msimamizi wa zahanati za eneo letu, shikamoo, na karibu Kwa Mwaro. Anayesoma ni mimi, Pamela Kavumbi, lakini maneno ni ya wahudumu wote kumi na wanane wa afya ya kijiji. Sidi, mfagiaji wetu aliyesimamishwa kazi, amekataa kuja, anaona haya. Basi tutamsemea.

TULIKOTOKA

Zamani habari za wagonjwa zilikaa kwenye madaftari, na mchwa walizisoma kabla ya nesi. Mwaka jana tukaletewa simu za kazi, na sanduku jeusi likawekwa chumba cha dawa. Tukaambiwa hiyo ndiyo seva.

TULIYOELEWA

Tusikufiche, mwanzoni hatukuielewa hata kidogo. Haina kioo, inavuma tu kutwa kucha. Fundi Eugene akatueleza: seva ni kompyuta, ila kazi yake ni kuhudumia simu na kompyuta nyingine. Ukiandika uzito wa mtoto ukiwa kule Adu, simu yako inautuma kwa seva, nayo inauhifadhi. Nesi akiutaka, simu yake inauliza, seva inatafuta na kujibu papo hapo. Huulizwa na watu ishirini kwa pamoja bila kununa, jambo ambalo sisi wenyewe hatuliwezi. Na kwa kuwa haijui itaulizwa saa ngapi, haizimwi.

YALIYOTUFIKA

Huku kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake. Vumbi la barabara lilipozidi, Sidi alileta leso yake mpya ya kujitanda akaifunika seva gubigubi. Sote tukamsifu, mwenzetu Garama hata akazinyoosha pembe zikae vizuri. Kumbe kazi isiyo na mapumziko huipa seva joto, na feni zake huvuta hewa kupitia matundu yale yale tuliyoyaziba! Siku ya tatu ikazima.

Siku hiyo Nyevu, mwenye mimba ya miezi minane, alifika kichwa kikimpasuka. Vipimo vyake vya presha na dawa anazotumia vilikuwa mle ndani. Nesi Kuluthumu alibonyeza simu hadi machozi yakamtoka. Tukampigia Eugene, aliyekuwa Malindi.

"Acheni kulia, mama zangu," akasema. "Kila jioni seva hiyo hupeleka nakala kwa seva nyingine iliyoko Kilifi. Nawafungulia ya kule sasa hivi."

Haikupita robo saa, habari za Nyevu zikatokea, zote. Mgeni rasmi, tulikumbatiana kama tuko arusini! Nyevu amejifungua salama, mtoto wa kike. Seva nayo ilipoa, ikawashwa, na hakuna jina hata moja lililopotea. Alhamdulillahi, Mungu ni mwema.

MAOMBI YETU

Tunaomba dirisha la wavu kwenye chumba cha seva, na mtu wa kutufundisha kabla ya mashine nyingine kufika. Hayo yanaweza kungoja bajeti.

La Sidi haliwezi. Barua ya kumsimamisha kazi inasema aliharibu mali ya umma. Leso ilikuwa yake, kweli, lakini siku tatu tuliingia na kutoka mle chumbani, na hakuna aliyesema iondolewe. Tunakuomba umrudishe kazini. Ikishindikana, tumeambatisha hapa majina yetu kumi na manane. Tafadhali yaandikwe kwenye barua hiyo, chini ya lake.

Mola akujalie afya, wewe na wa nyumbani kwako, na akufikishe salama.

Ni sisi,
Wahudumu wa Afya ya Kijiji, Zahanati ya Kwa Mwaro