Udongo wa Kwanza wa Profesa Leonidas

“Mama, huo si wasifu, hiyo ni vita,” alisema Oswaldi jana alasiri, amesimama katikati ya sebule ya marehemu hapa Izia, kofia bado kichwani. “Andikisha jina la Evaristi. Mwanaume hafukiwi na mwanamke.”

“Na wewe ulizaliwa na nani? Na mwanaume?” alijibu mama yake, Bibi Justina. “Debora mjukuu wangu, andika. Usimwangalie huyu, andika.”

Ndugu waombolezaji, wa ukoo mnajua, na wageni mtaelewa. Kwa akina Msangawale, udongo wa kwanza kaburini huteremshwa kwa jembe la nyumba, na anayelishika jembe hilo ndiye mrithi. Yeye ndiye atakayekaa mahali pa marehemu vikaoni, naye ndiye atakayesema shamba lilimwe au lipumzike. Profesa Leonidas Flavian Msangawale alijaliwa mabinti watatu, wa kiume hakuwapo. Oswaldi, baba yake mdogo, alitaka jembe liende kwa mwanawe Evaristi. Bibi alisema ni la Edith, binti mkubwa wa marehemu, kwa kuwa marehemu mwenyewe ndivyo alivyoagiza mapema mwezi huu, shambani Kaengesa.

“Aliagiza mbele ya nani?”

“Mbele yangu.”

“Mbele yako!” Oswaldi alicheka, lakini macho hayakucheka. “Mama, si wewe uliyetuambia simba alikuja kukuomba ugali wa ulezi?”

“Aliomba. Nikamnyima kwa sababu hakupiga hodi. Haya, na Evaristi naye alikuwepo shambani, anafukia nyasi tuta la pembeni. Kamwulize.”

“Evaristi hajaniambia neno.”

“Mtoto mwenye adabu hambishii baba yake. Ndiyo kasoro pekee ninayoijua kwake.”

Oswaldi alitoka kwenda makaburini, vijana walikokuwa wakichimba. Bibi akaendelea, na maisha ya marehemu aliyaeleza hivi.

Leonidas alizaliwa tarehe 14 Novemba 1973, Malangali, Sumbawanga, mtoto wa pekee wa Flavian na Margareth. Siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe ambayo haijanyesha tena. Jiwe moja lilitoboa bati, likatua ndani ya chungu na kuchemka lenyewe, na maji yake ndiyo aliyoogeshwa mtoto. Asiyeamini aende Malangali akaone chungu. Wazazi wake walitangulia mbele ya haki akiwa bado mdogo, akalelewa na bibi yake, ambaye alimwita “mume wangu” mpaka mwisho, kama ilivyo haki ya bibi na mjukuu. Na yeye alizoea kumjibu, “Mke wangu, leo umepika au umenidanganya tena?”

Alisoma shule ya msingi Malangali, 1981 hadi 1987, kisha akaendelea Kaengesa kwa mapadre. Walitarajia awe padre. Lakini kijana huyo, akipewa toba ya rozari tatu, alikuwa akiomba apunguziwe ziwe mbili, na ya tatu aigawe kwa wenzake wasiokuwa na dhambi za kutosha. Padre mmoja mzee alimwita bibi yake akamwambia, “Mama, huyu mchukueni. Huyu ni wa sokoni.” Bibi alimwambia padre kwamba hata sokoni Mungu yupo, tena amechoka zaidi. Leonidas akaenda chuo kikuu Morogoro, akapata shahada ya biashara mwaka 1998, ya uzamili mwaka 2003, ya uzamivu mwaka 2010. Mwaka 2019 akawa profesa.

Huko Morogoro walimwogopa kidogo, si kwa ukali, ila kwa asili yake. Mnajua watu wanavyotusema: mtu wa Sumbawanga ukimkwaza, subiri radi. Mwaka mmoja wanafunzi wake wanne walikataa kuleta kazi aliyowapa. Jioni mbingu ikanguruma juu ya milima ya Uluguru, na kabla tone halijaanguka wote wanne walikuwa mlangoni kwake, kazi mkononi. Aliwapa chai. Akawaambia, “Kwetu tunatengeneza mahindi, maharage na ulezi. Radi ni ya Mungu, sisi hatuna hata uwakala.” Aliwafundisha biashara kwa matuta ya kwetu, yale ya mviringo tunayoyaita ntumba, nyasi mbichi zikiwa zimefukiwa chini zioze. Aliwaambia mtaji hauonekani, uko chini unaoza, na mwenye haraka ya kuufukua atakuta harufu tu.

Alifunga ndoa na Kabula binti Masunga tarehe 28 Julai 2001. Masunga alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake hadi bonde la Rukwa, naye hakupenda binti yake aolewe na mla ulezi asiyejua hata kukamua. Leonidas alikwenda akachunga kwake likizo nzima. Siku moja dume lilikurupuka, likamburuta mpaka akaona Zambia, akaisalimia, akarudishwa, kamba bado mkononi. Masunga alisema, “Asiyeachia kamba, mpeni.” Walijaliwa Edith, Zita na Fransiska.

Kabula alipopasuliwa mwaka 2012 na kulala miezi kitandani, Leonidas alikataa cheo cha kuwa mkuu wa kitivo. Alipika, alifua, alimsuka mkewe nywele vibaya sana, na aliingia darasani Fransiska amefungwa mgongoni kwa kitenge. Watu walisema mkewe kamlisha dawa. Ndugu walimwita kikao hapa Sumbawanga wamtafutie mke wa pili, apate mtoto wa kiume. Alikuja na kitenge chake na mtoto wake mgongoni, akasimama mbele ya wazee.

“Baba mdogo,” alimwambia Oswaldi, “mimi nafundisha biashara. Mwenye duka lililojaa hafungui genge barabarani kutafuta bidhaa ambayo haijampungukia.”

Mzee mmoja akauliza, “Na jina lako litabebwa na nani?”

“Na huyu hapa, mzee. Kwa sasa namalizia kumbeba mimi.”

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Bibi anasema figo, na hapa lisemwe kwa sauti: figo. Si jirani, si mkewe, si kijicho cha mtu. Anayetaka kutafuta mchawi katika msiba huu akaanze na kioo cha nyumbani kwake. Edith aliacha kazi yake Dodoma, akawa anampeleka baba yake Mbeya kusafishwa damu, na katikati ya safari hizo akashika shamba la Kaengesa. Mapema Machi alimpeleka baba yake shambani kwa gari, wakamkalisha kwenye kiti, amevaa makoti mawili kwa sababu ya ule upepo wetu. Alimtazama binti akikunja nyasi na kuzifunika udongo. Kisha akasema, “Bibi, jembe nimempa huyu. Wasije wakamnyang'anya.” Akafumba macho kujikinga na upepo.

Hayo si ya simba. Katika yote ambayo Bibi Justina amewahi kusimulia, hili aliliapia, akanyoosha mkono kuelekea kanisani.

Profesa Leonidas alifariki dunia Jumamosi tarehe 22 Machi 2025, alfajiri, hapa Izia, mkono wake ukiwa katika mkono wa Kabula. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Ameacha bibi, ambaye hakuomba kubaki. Ameacha mjane, Kabula. Mabinti watatu, Edith, Zita na Fransiska. Baba mdogo, Oswaldi. Na wanafunzi wengi kuliko mahindi ya bonde zima. Mrithi wake ni Edith. Bwana ampe pumziko, na sisi tumpe ukimya. Na mtu akitaka kumnyang'anya mtoto huyu—

Bibi alipofika hapo, mlango ulifunguliwa, akaingia Evaristi, tope hadi magotini, jasho bado usoni. Baba yake alisimama nyuma yake kizingitini, kofia mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.”

Evaristi hakuketi. Alimtafuta Edith kwa macho, akamwona kwenye mkeka karibu na mama yake.

“Edith, tumemaliza kuchimba. Njoo nikuonyeshe pa kusimama na jembe kesho. Upande wa kichwani pana utelezi.”

Bibi alimfanyia Debora ishara aweke kalamu chini.