Mzee Greda, Aliyejenga Nyumba Ndani ya Gari Kuukuu

Ndugu, majirani na marafiki, asanteni kwa kuja kutushika mkono. Tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Greda, na hata wajukuu zake walikua wakidhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Haya ndiyo maisha yake, kadiri yalivyoweza kuenea katika kurasa hizi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya sita, katika mlango wa sita wa nyumba ndefu ya wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa fundi wa njia ya reli, na mama yake alishona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Alizaliwa mfupi na mfupi akabaki. Mama yake alizoea kusema kwamba kitambaa kilipomfikia huyu kilikuwa kimeshapungua, lakini uzi ulikuwa ule ule.

Alianza shule mwaka 1957 akamaliza darasa la nane mwaka 1965, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Sababu hakuificha. Alipokuwa darasa la sita barabara ya nyuma ya shule ilikuwa ikipanuliwa, naye badala ya kuingia darasani alikuwa akienda kukaa juu ya kifusi kutazama greda likifanya kazi. Mwalimu mkuu alimkamata, akamuuliza, "Na umejifunza nini huko?" Akajibu, "Nimejifunza kwamba maji usipoyapa njia, yatajitafutia." Mwalimu alimchapa kama kawaida, lakini kesho yake asubuhi alilirudia jibu lile mbele ya shule nzima. Mwaka 1966 na 1967 marehemu alisomea ufundi wa mitambo mizito.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa na Idara ya Barabara. Alianza kwa kupaka grisi mashine za wenzake, na mwaka 1971 akakabidhiwa greda lake. Alilikalia, hilo na mengine yaliyofuata, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2004. Alikuwa na jicho la kuona mteremko pale ambapo wapimaji walihitaji darubini. Kuna madereva hapa leo waliofundishwa naye, na kila mmoja atakuambia jambo moja: Mzee hakuinua sauti, ila ukikosea alishuka, akautazama mtaro wako, kisha akakutazama wewe. Hapo ungetamani ardhi ikumeze. Baada ya kustaafu mkandarasi mmoja alimwita tena, naye akaitika, hivyo alirudi nyumbani kabisa mwaka 2010.

Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 1974 alifunga ndoa na karani wa posta, dada mrefu, mchangamfu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Posta. Mungu aliwajalia watoto watatu. Tungekuwa tunadanganya mbele ya jeneza lake tukisema alikuwepo nyumbani. Kambi za barabara zilikuwa mbali, na yeye alikuwa akija siku nne na kuondoka miezi miwili. Mama Posta aliwalea watoto kwa mkono mmoja na kugonga mihuri kwa mkono wa pili. Aliyajua majina ya miji yote, alipanga barua zake miaka thelathini, na hakuwahi kuuona hata mmoja zaidi ya ule aliozaliwa. Marehemu alilifahamu hilo. Halikuwa likimpa usingizi mzuri.

Ndipo ikaja habari ya gari. Oktoba 2011 Idara ya Misitu ilikuwa ikiuza vyombo vyake vichakavu. Marehemu alikwenda kutazama tu, kama alivyosema, akarudi anavutwa na trekta la jirani, ameshika usukani wa gari la porini lililowahi kubeba miche kwa zaidi ya miaka thelathini. Magurudumu mawili yalikuwa hayana upepo. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaiona ardhi, na kwenye kiti cha abiria nyasi zilikuwa zimeota. Mama Posta alitoka mlangoni, akalizunguka.

"Baba watoto, hili nalo limekuja kufia kwetu?"

"Limekuja kuwa nyumba," alisema. "Kitanda, jiko, maji, vyote ndani. Nataka uione ile miji."

Mama Posta aliingia ndani, akatoka amejifunga kitambaa kichwani, ameshika brashi ya waya, akaanza kukwangua kutu.

Kazi ile ilichukua miezi ishirini na miwili. Marehemu alikata sakafu yote akachomelea bati jipya. Akang'oa mabenchi ya pembeni, akatandika sponji ukutani na kuifunika kwa plaiwudi ili joto la jua lisiingie. Alitengeneza kitanda ambacho mchana kilikunjwa kikawa viti, na droo ndefu iliyovutwa kwa mlango wa nyuma ikatoka na jiko la moto mmoja, sufuria zimepangwa kama askari. Paa alilikata zima zima, akalifunga bawaba upande mmoja ili liinuke mtu aweze kusimama, na Mama Posta akashona turubai la kuziba pembeni. Jirani yetu mshona viatu alikuwa akija kila jioni kutoa maoni ambayo hakuombwa. "Mzee," alisema siku moja, "kama unamkimbia mkeo, mbona unamjengea jiko?" Ni yeye aliyelibatiza gari lile jina la Konokono, kwa kuwa lilibeba nyumba mgongoni na kwa kuwa, alidai, mwendo wake ungekuwa huo huo.

Si kila mtu alicheka. Jumapili moja ya Februari 2012 binti yake mkubwa, fundi umeme, alikuja kuwasalimu wazazi akamkuta baba yake chini ya chesisi. Alisimama kwenye mlango wa banda, akatazama kitanda, akatazama tangi la maji. Kisha akasema maneno ambayo yalikuwa yamemkaa kifuani tangu utoto.

"Baba, ulipokuwa na kazi hukukaa nyumbani. Sasa huna kazi, na unajenga nyumba ya kuondokea?"

Marehemu alitoka chini ya gari taratibu, mikono imejaa grisi. Binti aliaga akaenda zake. Siku ile hakuna spana iliyoguswa, wala kesho yake.

Jumatano asubuhi alivaa shati la kola, akapanda basi hadi kwenye karakana ya binti yake upande wa pili wa mji. Mtu ambaye hakuwahi kumwomba hata mpita njia amwelekeze njia, leo alisimama mlangoni pa mwanawe kama mteja asiyejua pa kuanzia.

"Nimekuja kukuomba uje uniwekee taa," alisema. "Na nimekuja kukuomba radhi. Sijui nianze na lipi."

"Anza na radhi, Baba," binti alimjibu. "Taa hazikimbii."

Alianza na radhi. Hakujitetea kwa kambi, wala kwa amri za wakubwa, wala kwa umbali. Alisema tu kwamba binti yake alizaliwa tarehe 3 Septemba 1976 na yeye alimwona kwa mara ya kwanza akiwa tayari anakaa mwenyewe, na kwamba mtoto alipomwona alilia akajificha kwa mama yake. "Ulikuwa na haki," alimwambia. Mafundi wenzake binti walijifanya wana vifaa vya kutafuta nje. Jumamosi iliyofuata fundi umeme alifika bandani na sanduku lake la vifaa. Alipitisha nyaya zote, akafunga betri ya pili na taa nne, na moja akaiweka juu ya jiko kwa sababu, alisema, Mama hawezi kupika kwa kubahatisha.

Kuna jambo moja ambalo familia imeomba lisiachwe. Kitanda kilipokamilika, marehemu aliwaita majirani mchana kweupe waje waone. Akamlaza Mama Posta kwa heshima zote, akafunga mlango wa nyuma. Mlango haukufunga. Miguu ya Mama ilikuwa nje, viatu na vyote. Fundi mwenye jicho la mteremko alikuwa amepima kitanda kwa urefu wake mwenyewe, na mkewe anamzidi kwa karibu kichwa kizima. "Jamani," Mama Posta alisikika akisema kutoka ndani, "huyu mwanamume amenioa miaka thelathini na saba, hajawahi kunitazama hadi miguuni?" Mshona viatu aliketi chini kwa kicheko. Marehemu alicheka hadi machozi, kisha akachukua msumeno.

Tarehe 17 Agosti 2013 Konokono liliondoka. Katika miaka saba iliyofuata walifanya safari arobaini na moja, fupi na ndefu. Walikwenda wenyewe, au na mjukuu, au na shemeji aliyelala juu ya mizigo bila kulalamika. Walikwama matopeni mara nyingi kuliko walivyokiri. Mama Posta aliiona miji yake, na kila alipofika aliingia posta kuwasalimu makarani, akiwapa pole kwa kazi kama mtu wa nyumba moja nao.

Safari iliyobaki mioyoni mwetu ni ya Aprili 2015, binti mkubwa alipoomba ruhusa kazini akaenda nao. Marehemu aliendesha siku mbili hadi kwenye barabara moja ya changarawe inayokatiza uwanda mkavu. Barabara ile imenyooka kama uzi uliovutwa. Halafu, mahali pasipo mlima wala mto wala mwamba, inapinda kidogo kushoto na kurudi. Hapo alizima injini.

"Hii kona haimo kwenye mchoro," alisema. "Nilikuwa naparua hapa, msimamizi akaja mbio kutoka kambini, redio ilikuwa imeleta salamu. Mtoto wa kike, mama mzima. Sikuweza kulishika bledi la kuparulia sawasawa. Alitaka niinyooshe kesho yake, usiku ikanyesha, kambi ikahama. Basi ikabaki."

Binti yake alishuka, akatembea kwenye kona ile kutoka mwanzo hadi mwisho, hatua hamsini na kitu. Aliporudi alikuwa anacheka na kujifuta macho.

"Kwa hiyo miaka yote hii madereva wanakata kona kwa ajili yangu?"

"Na wanalalamika sana," alisema baba yake.

Mwishoni mwa mwaka 2020 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na vipimo vikaonyesha kwamba figo zimechoka. Tangu Februari 2021 alisafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa. Kwa mtu wa barabara, hii ilikuwa kamba fupi. Alinuna wiki mbili. Kisha akakaa na muuguzi wake, binti yake mdogo, wakahesabu: Jumatatu ni ya kupumzika kabla ya mashine, lakini kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna Jumamosi na Jumapili, na Jumamosi na Jumapili ni siku mbili. Basi zikaanza safari za siku mbili. Sasa dereva alikuwa binti mkubwa, na baba alikaa kiti cha abiria akimpa maelekezo ambayo hakuyahitaji. "Baba, mimi naendesha au wewe?" "Wewe. Ila punguza gia." Walikwenda hivyo hadi Machi mwaka huu, nguvu zilipomwishia. Madaktari na wauguzi waliomhudumia tunawashukuru kwa dhati.

Jumapili tarehe 18 Juni 2023 aliamka mapema, akanywa chai nusu kikombe, akaomba atolewe barazani. Binti mkubwa alikuwa amefika kuliangalia gari, maana lilikuwa halijawashwa mwezi mzima. "Liwashe nisikie," baba yake alimwambia. Akaliwasha. Marehemu alisikiliza, macho ameyafumba, mkono wake mmoja ndani ya mkono wa Mama Posta. "Vali ya tatu inagonga," alisema. "Kaitazame." Binti alifungua boneti. Ilikuwa vali ya tatu. Aliporudi barazani kumwambia kwamba amesema kweli, ilikuwa saa moja na robo asubuhi, na baba yake alikuwa ameshatutoka, kimya, bila kumsumbua mtu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne na miezi mitatu.

Marehemu ameacha mjane, Mama Posta, baada ya ndoa ya miaka arobaini na minane. Ameacha watoto watatu: fundi umeme, mwalimu na muuguzi; wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja mwenye umri wa wiki tano, ambaye alimbeba mara mbili. Ameacha kaka mmoja na dada wawili, madereva wengi aliowafundisha kazi, jirani mshona viatu ambaye tangu Jumapili hajafungua kibanda chake, na barabara ambazo leo zimewaleta baadhi yenu hapa.

Mwenyezi Mungu ampokee fundi wetu. Na apumzike kwa amani, amefanya kazi ya kutosha.