Mwalimu Bibiana, Aliyesindikiza Wazazi Mpaka Barabarani

Mwalimu Mkuu wetu, Bibiana Kalisti, anastaafu tarehe 30 Juni 2009 baada ya kufundisha kwa miaka arobaini. Kumi na mitatu ya mwisho ametumikia hapa kwetu, katika shule hii ya ufukweni mwa ziwa, upande wa Ilagala. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa huu niandike mema yake, na imeniomba niwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini mengi ya mema hayo mama huyu aliyafanya akiwa amekasirika, na mimi nikiyakumbuka yaliyomkasirisha nakasirika upya. Mnivumilie.

Amezaliwa na kukulia Buzebazeba, mtaa wa mjini, na kwa muda mrefu alifundisha shule za mjini, ya mwisho ikiwa Mwanga. Alipoletwa kwetu Januari 1996 alishuka na viatu vya kisigino, ambavyo mchanga wetu ulivimaliza wiki ya kwanza, na sauti ambayo haikuhitaji msaada wa rimu ya lori tuliyokuwa tukiigonga badala ya kengele. Wanafunzi walimwogopa kwa mwezi mmoja hivi. Baadaye walimzoea, na sisi walimu ndio tulioanza kumwogopa.

Mambo ya kwetu alifundishwa na Mzee Yona, mkulima wa mihogo, mzazi wa kwanza kuingia ofisini kwake. Mzee aliinama, akapiga makofi ya salamu kama Waha wanavyosalimiana, akauliza habari za safari, za mjini, za mvua na za afya ya waliobaki nyumbani. Kisha akasema amefurahi kumwona, akaaga. Mwalimu Bibiana hakuelewa mtu ametembea mwendo wote ule kwa ajili ya nini. Kwa adabu tu alitoka kumsindikiza. Walipofika kwenye kalavati la barabarani, mzee akasimama, akatazama pembeni, akasema kwamba mjukuu wake wa darasa la pili anapigwa makofi ya sikio na mwalimu wake na sasa hasikii vizuri.

Aliporudi alituita sote. Alitueleza kwamba kwetu mzazi hasemi shida yake akiwa amekaa kwenye kiti cha mtu, maana ataonekana amekuja kugombana. Anaisema anaposindikizwa, wakati ameshaaga. Kuanzia siku hiyo hakuna mzazi aliyeondoka pale bila Mwalimu Bibiana kutembea naye mpaka kwenye kalavati, jua liwake au matope yajae, isipokuwa siku moja nitakayoifikia. Walimu wakawa wanamtania kwamba ofisi yake ni barabara. Mkaguzi mmoja alikuta kiti kitupu akanuna sana, na wakati wa kuondoka akasindikizwa naye. Njiani akajikuta anakiri kwamba maombi yetu ya mabati yalikuwa yamelala mezani kwake tangu mwaka uliopita. Bati lilikuja, ndilo lile la darasa la nne.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Mwishoni mwa 1996 vita vya Kongo, ng'ambo ya ziwa, vilituletea watu. Mitumbwi ilishusha akina mama na watoto usiku na mchana, na kwa wiki kadhaa madarasa yetu yalikuwa malazi yao kabla hawajapelekwa kambini. Mwalimu Bibiana alipika uji kwenye masufuria ya shule na hakuna aliyethubutu kumwuliza uji huo ni wa nani. Kwa hayo alisifiwa, na anastahili. Lakini wageni walipokwisha kuondoka walituachia neno moja, mkimbizi, na neno hilo likaanza kutafuta watu wa kulibeba.

Mnajua wenyewe familia zilizoko huku ambazo babu zao walitoka Kongo zamani. Wamezika hapa, wameoa hapa, wamejenga hapa. Ghafla wakaambiwa ni wakimbizi. Habari zilikuwa kila mahali kwamba mtu asiye na karatasi za uraia anachukuliwa, na karatasi hizo ni nani kati yetu sisi wengine aliyewahi kuulizwa?

Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, ambaye jina lake silitaji kwa sababu sitaki akae ukurasa mmoja na mama yetu, aliona hapo nafasi yake. Alikuwa na biashara ya dagaa. Watoto wa familia hizo aliwaita wakimbizi mbele ya wenzao, kisha wakati wa kipindi chake akawatuma ufukweni kuanika na kugeuza dagaa wake. Wenzao wakijifunza sehemu na asilimia, wao walikuwa juani wakifukuza kunguru. Na aliwaambia kwamba mzazi atakayekwenda kulalamika ajue ofisi ya Mwalimu Mkuu ina simu ya moja kwa moja wilayani, na gari la kuwapeleka kambini litafika kabla mzazi huyo hajarudi nyumbani kwake. Simu. Shule iliyokuwa ikigonga rimu ya lori.

Mmoja wa watoto hao ni Merina. Mama yake, Mariana, alikuwa anakausha dagaa pale pale ufukweni, kwa hiyo alimwona mtoto wake kwa macho yake, tena saa za shule. Ilikuwa Julai 1997, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia. Mtoto alikuwa anaupenda mtihani ule. Alikuwa akiwaambia watu kwamba atakwenda sekondari.

Mariana alifanya kama alivyoelekezwa. Langoni mwetu kulikuwa na kibao kikubwa kilichoandikwa kwamba mzazi mwenye tatizo amwone kwanza mwalimu husika. Nani alikiandika sijui, lakini leo ningependa kukutana naye. Mtoto anaonewa na mtu, halafu mzazi anaambiwa aanzie kwa mtu huyo huyo. Basi Mariana alifunga migebuka minne kwenye jani la mgomba, kwa heshima, akaenda kwa mwalimu wa hesabu kumwomba mtoto arudishwe darasani. Mwalimu alipokea samaki. Kesho yake Merina alipelekwa kwenye dagaa tangu asubuhi, na hakurudi darasani wiki nzima.

Ndipo mama yule akajikaza akaja ofisini. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari kibarazani na nilimwona akiingia. Alisalimia kwa kirefu, akasema amekuja kutujulia hali tu, akaaga. Yaani alikuwa na lake moyoni na alikuwa anasubiri barabara. Lakini siku hiyo Mwalimu Bibiana alikuwa na wageni kutoka wilayani, hakuweza kuwaacha. Kwa kuwa aliona vibaya mama aondoke peke yake, aliita kupitia dirishani kwamba mwalimu yeyote aliye karibu amsindikize kwa niaba yake.

Aliyekuwa karibu zaidi ni mwalimu wa hesabu.

Alimsindikiza vizuri sana. Nilimwona akimbebea hata kikapu. Walikwenda mpaka kwenye kalavati, wakasimama, na mama yule hakufungua mdomo. Angesema nini, na kwa nani? Kwa alivyoelewa yeye, Mwalimu Mkuu alikuwa ameshamjibu kwa kumpa mtu yule yule.

Tangu siku ya pili Merina hakuonekana shuleni wala ufukweni. Mwalimu Bibiana alipoita majina ya darasa la saba na jina lile likakosa mtu, aliuliza mara moja tu, nani alimsindikiza Mama Merina siku ile. Tulimjibu. Kisha alivua viatu, akavaa kandambili, akaenda kwa Mariana mwenyewe.

Alikuta mizigo imefungwa. Walikuwa wanataka kwenda kwa ndugu huko kusini, kabla gari halijaja. Mwalimu Bibiana hakuuliza kitu. Alikaa kwenye mkeka, akasalimia watu wa nyumba yote, akala ugali aliopewa, akaaga. Na kwa kuwa adabu ni adabu hata kwa mtu aliyefunga mizigo, Mariana aliinuka kumsindikiza mgeni. Mbele kidogo ya nyumba, njiani, akasema. Maneno yake Mwalimu Bibiana ametusimulia mara nyingi, hivyo nayaandika yalivyo: "Mama Mwalimu, mie si mkimbizi. Mama yangu kazikwa hapo nyuma ya nyumba, ukitaka nitakuonyesha. Karatasi tu ndiyo sina. Kama umeshapiga ile simu, ngojea mtoto afanye mtihani kwanza, halafu watuchukue."

Mwalimu Bibiana anasema hajawahi kuona aibu kama ile. Mwanamke mzima, mzazi, anamwomba ruhusa mtoto wake akae darasani. Alimwambia Mariana kwamba simu hiyo haipo, afungue mizigo, na yeye hakurudi shuleni. Alipitiliza ufukweni, akawakuta wanafunzi wanane wa darasa la saba wakigeuza dagaa saa ya hesabu. Aliwaambia wawaache dagaa hapo hapo walipo, warudi darasani. Mvua ya nje ya msimu ilinyesha mchana huo na dagaa wote wakaharibika. Sijasikia mtu yeyote aliyewasikitikia.

Hasira yangu kubwa haiko kwa mwalimu wa hesabu, iko kwa kikao cha walimu kilichofuata. Wenzangu watu wazima, wenye watoto, walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema mambo haya yangemalizwa ndani kwa ndani, wakasema tukianza kusikiliza kila mama wa dagaa heshima ya ualimu itabaki wapi. Mmoja alilalamika kwamba mzazi ameruka ngazi. Mwalimu Bibiana aliwasikiliza wote. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ndiyo mbaya zaidi, kama kuna mwalimu humo ambaye, iwapo mtoto wake mwenyewe angekuwa kwenye mchanga ule, angeanza kwa kupeleka migebuka. Siku hiyo hiyo alichukua darasa la hesabu mwenyewe, akafundisha asubuhi na jioni mpaka siku ya mtihani.

Mwalimu yule alihamishwa. Alihamishwa tu, akapewa watoto wengine, kana kwamba watoto wa huko hawana mama. Mwalimu Bibiana alikwenda wilayani mara nyingi kuuliza ni watoto gani hao aliopewa, mpaka wakachoka naye, mtu yule akaondolewa darasani kabisa. Walimwita msumbufu. Tunaomba neno hilo liingizwe kwenye orodha ya sifa zake.

Kibao cha langoni alikiandika upya kwa mkono wake na kipo mpaka leo. Kinasema kwamba kuhusu alama, madaftari, mahali pa kukaa na kazi za nyumbani, mzazi aanze kwa mwalimu, wazungumze kama watu wazima. Lakini mtoto akipigwa kupita kiasi, akitumwa kazi za mtu, akitishwa, akitukanwa asili yake, au akianza kuogopa shule bila kusema sababu, mzazi asipite kwa mwalimu. Aje kwa Mwalimu Mkuu moja kwa moja, bila samaki. Hayo maneno mawili ya mwisho huwachekesha wageni. Nasikia wapo wenzetu waliopendekeza kibao kipakwe rangi mpya baada ya Juni na kirudishwe kwenye maneno ya zamani, eti wazazi wamezidi. Hao nawaambia hapa kwa maandishi kwamba ufunguo wa stoo ya rangi ninao mimi.

Merina alifanya mtihani. Hakuchaguliwa. Miezi aliyofukuza kunguru ilikuwa mingi kuliko wiki tulizobakiza, na kila mwalimu mpya anayefika hapa Mwalimu Bibiana humweleza jambo hili bila kulipunguza, pamoja na nani alituma nani amsindikize Mariana. Merina anauza dagaa Ilagala, na Januari hii amemleta mwanawe wa kwanza darasa la kwanza hapa kwetu.

Mama yetu, umetufundisha ualimu tukiwa tayari tunajiita walimu, na asante yetu ni kubwa kuliko ukurasa huu. Nenda salama Buzebazeba, uvae tena viatu vyako vya kisigino, ulale mpaka jua likuchoke. Maisha yako yawe mema kama ulivyotaka yetu yawe.

Mabadiliko kidogo ya ratiba. Imeandikwa kwamba baada ya chakula mstaafu atasindikizwa na walimu wote. Amekataa. Ameagiza walimu tubaki kwenye viti vyetu, yeye atasindikizwa na wazazi, Merina akiwa mbele na mtoto wake, na Mwalimu Mkuu mpya, Selestini, atembee nao mpaka kwenye kalavati, mikono nyuma, bila kusema kitu. Anasema huenda kuna mzazi mwenye neno.

Mwalimu Telesphory,
kwa niaba ya walimu