Khitma ya Pweza

Baraza ya Malindi, hapa Unguja mjini, ile inayotazamana na duka la nyuzi lililofungwa, haikosi watu baada ya alasiri, na siku hiyo ya mwaka 2008 haikukosa. Mmanga muuza kahawa alikuwa na birika lake na vikombe vyake vinavyogongana. Mabrouk, aliyeitwa Rada kwa kuwa hakuna meli iliyotia nanga bila ya yeye kujua imebeba nini, alikuwa ameegemea ukuta. Kificho waliyemwita Wakili alikuwepo pia, ingawa mahakamani aliwahi kwenda mara moja tu, tena kama mshitakiwa. Na Suud, ambaye mtaa mzima ulimwita Sinema tangu alipokuwa akiendesha mashine ya kuonyeshea picha, alikaa pembeni macho mekundu, kofia imekaa upande. Alikuwa amefiwa, na hakuna aliyempa mkono wa pole.

— Hebu sema tena, Sinema, alianza Mabrouk. Nani kafa?

— Pweza.

— Pweza wa nani?

— Si pweza wa baharini, yakhe! Ndivyo akijiita kule kwenye kompyuta. Yule rafiki yangu, nlokuwa nkitengeneza naye filamu.

Kwa mwaka na zaidi Suud alikuwa akienda kwenye duka la intaneti la Bi Shemsa, akiingia katika dunia ile ya kompyuta ambamo kila mtu hupewa mwili wa katuni na kwenda anakotaka. Watu wamejijengea humo wanavyopenda: mji wa vioo vitupu, maktaba iliyo chini ya bahari, msitu ambao miti yake ni miavuli. Huko ndiko alikokutana na katuni la mzee mwenye kanzu, ndiye huyo Pweza, naye mzee akamwandikia Suud kwa Kiswahili cha kwetu hasa. Mzee alisema aliondoka Unguja zamani, yuko nchi ya baridi, na moyo wake mbovu. Wakaanza kurikodi filamu ya mtu anayezunguka miji yote hiyo akitafuta kichochoro cha kwao, na kichochoro chenyewe mzee akakijenga kwa kukumbuka tu, pamoja na ufa wa ukuta wa jirani. Tangu jumba la sinema lifungwe, Suud hakuwahi kufurahi kiasi kile. Jana aliingia akakuta kichochoro hakina mtu. Mzungu mmoja wa msitu wa miavuli alikuwa amemwachia maneno, na Bi Shemsa akamfasiria: Pweza amefariki hospitali.

— Mie nataka kumsomea, alisema Suud. Leo, hapa hapa. Nshamwita Maalim.

Kificho akaweka kikombe chini.

— Utamsomea katuni?

— Katuni haliandiki lenyewe, Wakili. Nyuma yake pana mtu.

— Ulimwona?

— Sikumwona.

— Ulimsikia sauti?

— Tukiandikiana.

— Basi huna kesi! Siku hizi zipo mashine zinazoandika zenyewe. Umekaa mwaka mzima ukipiga soga na mashine, na leo watutaka sie tuitikie amin.

— Mashine itajua mama zetu wakianika wapi nguo siku za mvua?

Kificho akaagiza kahawa nyingine. Mabrouk alikuwa akiingoja nafasi hiyo.

— Si mashine, Wakili. Sinema, hebu niambie. Huyo mzee wako akiruka angani?

— Kule sote twaruka.

— Na weye? Astaghfirullah! Sasa nisikilizeni. Mie makontena ya kompyuta chakavu nimeyashusha kwa mikono yangu, hapo bandarini. Kila moja ishatumiwa na mtu huko ilikotoka, na wengine wamekufa wameziacha zinawaka. Waenda wapi hao? Wamo! Tena ukitia sikio kwenye boksi wawasikia. Huyo Pweza hakufa jana. Kafa zamani, kaja na kontena, kashukia kwa Bi Shemsa.

— Sasa jana kafa mara ya pili? aliuliza Kificho.

— Jana kompyuta imeungua.

Walicheka, na kicheko kile kilimchoma Suud kuliko matusi. Aliona kwamba anaweza kukaa pale mpaka jua lizame na asipate hata mtu mmoja wa kuhuzunika naye. Mmanga, ambaye hakuwa amecheka, akammiminia kahawa.

— Filamu yenu ilikwisha?

— Bado mwisho. Mie nlitaka yule mtu akifika kichochoroni aingie ndani ya nyumba yao. Pweza akitaka afike mlangoni tu, arudi.

— Basi hakufa! Mmanga aligonga vikombe vyake kwa furaha. Ndo mwisho wenyewe huo. Kamtuma mzungu aseme kafa, ili weye ukae kichochoroni peke yako ulie, na yeye kajibanza mahala anarikodi. Nenda kwa Bi Shemsa sasa hivi, utamkuta.

Moyo wa Suud uliruka. Alikwisha inuka, kiatu kimoja mguuni, ndipo akayakumbuka maneno ya mwisho aliyoandikiwa, mzee alipokuwa akienda kupasuliwa: nikichelewa, malizia weye. Akakaa tena. Tumaini lile la dakika moja lilimwacha hoi kuliko alivyokuwa.

— Keshakufa, Mmanga, alisema. Niachieni nimsomee.

Safari hii hawakucheka.

Maalim Haroub akatokea. Alikuwa mgeni mtaani, katoka Tumbatu juzi juzi, na hakujua lolote la kompyuta wala la miavuli. Alitoa salamu, akapewa nafasi, akakunjua mikono.

— Haya. Marehemu anaitwa nani bin nani?

Mabrouk alimtazama Kificho, na Kificho akamtazama Suud.

Suud alijua ngazi gani ya nyumba ya marehemu ilikuwa ikilia ukiikanyaga. Alijua alivyokuwa akiogopa giza utotoni, na kwamba kwa miaka yote hiyo hakupata mtu wa kusema naye Kiswahili. Jina hakulijua. Kwetu, kumuuliza mtu aliyeondoka zamani, enzi za Mapinduzi, baba yake ni nani ni sawa na kumuuliza aliondoka kwa nini, na Suud alimpenda mno hata asitake kumtonesha kidonda. Aliona huo ndio ungwana.

— Hukumuuliza? alisema Maalim kwa upole.

— Niliona haya.

Maalim alisema Mungu anawajua waja wake, akaanza kusoma bila ya jina. Wote wakainua mikono, hata Kificho. Suud aliinua yake, lakini ilipofika kuitikia akaishusha.

— Sinema, alinong'ona Mabrouk. Na yeye, lako akilijua?

— Hakuniuliza, alisema Suud, akalia mbele ya watu.