Vipandio Kumi na Sita vya Shangazi

Wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, familia imemtuma kusoma historia hii mpwa wa marehemu, yule dereva wa malori aliyezunguka nchi za watu miaka ishirini na tano akarudi na tumbo na stori tu, kwa sababu, kama walivyosema wenyewe kwenye kikao cha jana, ndiye mwenye sauti kubwa kuliko akili, basi mtamvumilia, na akikwama mahali mjue si macho, ni koo.

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa mpasua mbao na mkewe mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, na mwaka 1968 akajiunga na chuo cha ufundi, darasa la useremala, ambako siku ya kwanza mkufunzi alimtazama juu mpaka chini akamwambia kwa upole, "Binti, mapishi ni mlango wa pili," naye akajibu kwamba huko ameshapita, na wamemlalamikia kuwa meza yao inayumba. Alihitimu mwaka 1970, akiwa wa pili kati ya wanafunzi ishirini na saba.

Januari 1971 aliajiriwa katika karakana ya fundi mkuu aliyeitwa Mzee Randa, ambaye hakutengeneza kitu kingine ila ngazi za mbao, na karakana hiyo ilikuwa na sheria moja, kwamba aliyeijenga ngazi ndiye wa kwanza kuipanda, mbele ya mwenye nyumba, amefumba macho, mikono haigusi popote, maana Mzee Randa alikuwa akisema jicho husamehe lakini mguu hausamehe, mguu ukipanda vipandio viwili umeshakariri kimo, na cha tatu kikizidi au kupungua kwa vidole viwili tu, mtu yuko chini. Shangazi alizipanda hivyo ngazi kumi na tisa bila kujikwaa, akaanza kuamini, kama tunavyoamini sote kabla dunia haijatupiga kofi, kuwa yeye na makosa hawajuani.

Yalijuana naye tarehe 14 Juni 1978. Alikuwa amejenga ngazi ya chuo cha kupiga taipu, akapima kuanzia sakafu ya saruji aliyoikuta, akapanda amefumba macho, akashuka, akapigiwa makofi, akaondoka bila kuuliza swali moja dogo, kama kuna vigae vinakuja, na vigae vikaja wiki ya pili, vikainua sakafu ya chini kwa vidole vitatu, kipandio cha kwanza kikabaki kifupi kuliko wenzake, na asubuhi ya tarehe hiyo mwalimu wa chuo alikuwa anashuka amekumbatia mashine ya taipu, haoni miguu yake, sakafu ikamfikia kabla hajaifikia, akavunjika nyonga na kifundo cha mguu, na mashine nayo ikasambaa herufi zote.

Mzee Randa hakumfukuza, ila mitaa ilimfukuza, watu wakawa wakimwona na futi mkononi wanashika ukuta na kusema, "Jamani, tushuke taratibu, fundi kapita hapa," naye akicheka nao, kisha akifika nyumbani hali chakula. Aliacha ngazi akahamia kwenye vigoda na mabenchi, vitu ambavyo, kwa maneno yake, mtu akianguka navyo anaanguka karibu, na hata kigoda alikipima mara nne, akakipeleka kwa mteja, akarudi kesho yake kuuliza kama bado kimesimama. Mwaka 1984 alijaribu tena, akakubali kujenga ngazi ya duka la dawa, akapima siku tatu mfululizo, siku ya nne akaketi barazani pa duka lile akiandika vipimo na kuvifuta, akaikabidhi kazi kwa fundi mwingine.

Tukirudi nyuma kidogo, Shangazi alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, na mume wake ndiye yule yule Mwalimu aliyeanguka, ambaye Shangazi alikwenda kumtazama hospitali kila siku kwa wiki tisa, akipokewa kila siku na neno lile lile, "Karibu fundi, umekuja kuumalizia na mguu wa pili?" mpaka siku moja Mwalimu akakiri kuwa mguu umepona kiasi cha kuruhusiwa, isipokuwa ameuomba uchelewe. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1982, ambaye ni muuguzi, na mdogo wake wa kiume wa 1985, fundi umeme, lakini ndoa nzuri haikuzuia jambo moja, kwamba Mwalimu alibaki anachechemea, mguu mmoja unagonga, mwingine unaburuta, na Shangazi alilisikia kosa lake likitembea ndani ya nyumba asubuhi na jioni, likienda kuchota maji, likirudi kitandani.

Nyumba yao waliijenga mwaka 1986, chini vyumba viwili na juu viwili, na katika vile vya juu wakakaa njiwa miaka tisa, kwa kuwa nyumba ya fundi wa ngazi haikuwa na ngazi, mafundi wengine aliwakataa, na mwenyewe hakuthubutu. Kisha tarehe 3 Agosti 1995 Mwalimu aliegemeza ngazi ya mchora mabango ukutani, akapanda na mguu wake mbovu, huku mkewe akipiga kelele chini, akaketi kati ya njiwa akatangaza kwamba amehamia, "Mke wangu, nitashuka kwa ngazi yako au sishuki." Chakula kilipanda kwa ndoo. Ukweli ni kwamba alishuka mara kadhaa kwa mahitaji yasiyosomwa mbele ya wageni, akapanda tena na kiburi chake, na kila alipopanda Shangazi alisimama chini amenyoosha mikono, hapumui, kama mtu anayesubiri yai lianguke.

Siku ya nne Shangazi aliichukua futi yake. Kabla ya kukata hata ubao mmoja alimleta fundi wa vigae akaviweka vyote, chini na juu, akangoja vikauke, ndipo akaanza, wiki sita, vipandio kumi na sita, na katikati, kwenye kona, akaweka sehemu bapa ya kugeukia, pana mno, iliyomeza robo ya sebule, na mpwa wake huyu anayesoma, aliyekuwa likizoni, akamwambia, "Shangazi, hapo nikirudi naegesha lori," naye hakucheka, alipima tena kona ile, akaandika kitu katika daftari lake, akalifunga.

Tarehe 24 Septemba 1995 alisimama chini ya ngazi ile tangu saa tatu asubuhi, na macho yakakataa kufumba, akiyafumba yanafumbuka, jasho linamtiririka, watoto wamekaa sakafuni wakimtazama, mpaka Mwalimu akasema kutoka juu, "Njoo tu fundi, mimi niko huku, nimeshazoea kuanguka," ndipo akayafumba, akapanda kumi na sita, akamgusa mumewe kifuani ndipo akayafumbua. Tangu siku hiyo hadi alipostaafu mwaka 2014 alijenga ngazi thelathini na moja, na tusidanganyane hapa mbele yake, hofu haikumtoka, kila ngazi aliirudia baada ya mwezi, akajifanya anapita tu.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na maradhi ya moyo, miguu ikavimba, madaktari wakamshauri alale chumba cha chini, akakataa, na siku ya Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa nne asubuhi, alifariki katika chumba cha juu, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mwalimu.

Leo alfajiri aliwekwa katika jeneza chumbani humo, kama alivyotaka, na kwa kuwa Shangazi alikuwa mrefu, jeneza nalo ni refu, na likiwa tupu tulilipandisha limesimamishwa wima, sisi sita tulioshika tulitazamana pale juu, kila mmoja akiiwaza kona, mpwa huyu akiwa nyuma, viganja vinateleza, amefumba macho kwa woga wala si kwa ufundi. Lilishuka vipandio vinane, likageuka limelala sawa, halikuinuliwa, halikugusa ukuta, likashuka vinane vingine, na hakuna mguu uliokosea. Mwalimu, aliyesimama chini na fimbo yake, alimtuma binti yake alete daftari la mwaka 1995, akatuonyesha ukurasa wa kona, mwandiko wa penseli, "Kitanda kipite. Jeneza lipite, langu au lake. Vigae vimeshawekwa. Pima tena."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa miaka miwili tusiyoitegemea, majirani waliopika na kukesha nasi, mafundi aliofanya nao kazi, ambao asubuhi hii tumewaona wakiipanda ile ngazi mmoja mmoja wakijifanya wanatafuta choo, na wote ambao mmewahi kupita juu ya kazi yake bila kulazimika kutazama miguu yenu.

Shangazi, tumepima tena, limepita. Pumzika kwa amani.