Hakustaafu, Alifukuzwa

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni shangazi yake marehemu, kusoma kwangu ni kwa kudonoadonoa ila mdomo ninao, mnivumilie, na nyie wakubwa wa kiwanda mliokaa mbele, karibuni.

Mtoto wetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, wa pili kwa kaka yangu, kwenye vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi, akasoma msingi na sekondari hapo hapo, mtaro wa kiwanda ukipita chini ya dirisha la darasa, maji leo ya bluu, kesho ya kahawia. Alipofaulu baba yake alitaka awe nesi, akisema mwanamke na mitaro wapi na wapi, naye akamjibu, "Baba, nikiwa nesi nitatibu wanaougua haya maji mpaka nizeeke, bora niyafuate yanakotoka," kaka yangu akanuna wiki nzima, mtoto akaenda chuo, mwaka 1999 akatoka mhandisi wa mazingira.

Mwaka 2001 kiwanda hicho hicho kikamwajiri asafishe maji taka, akachimbisha mabwawa, la mwisho akatia samaki, kwamba samaki wakiishi ndipo maji yaende mtoni. Mwaka 2003 akaolewa na fundi umeme, huyu hapa, mwanaume mpole mpaka anakera, wakajaliwa mabinti wawili.

Hapa nimeombwa niruke, siruki. Machi 2012 wakubwa walizima mashine za kusafishia maji wabane matumizi, samaki wakafa, wakanunua wengine wakawamwaga bwawani kabla hajaingia kazini, bila kujua kwamba wa kwake aliwakata ncha za mikia ili awatambue. Akanipigia, "Shangazi, samaki wangu wameota mikia," tukacheka mpaka mbavu zikauma, halafu akakataa kusaini kwamba maji ni safi, wakamfukuza, akaenda kwa wakaguzi na ndoo yake ya samaki, kiwanda kikafungwa mpaka mashine zikawashwa.

Jana mlipoleta rambirambi mlituomba tuseme alistaafu. Bosi, kaa tu, gari halikimbii. Hakustaafu, alifukuzwa, na wanawe wasikie hivyo hivyo, watembee kifua mbele.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akatutoka tarehe 6 Juni 2023 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mliotupikia, na nyie vibarua wa mabwawani mliombebea ile ndoo mkijua mtafukuzwa kama yeye.

Lala kwa utulivu, mwanangu. Anayetaka kubishana na historia hii, shangazi nipo, na nyumbani kwangu anapajua.