Kamba ya Mechack, Ile Banasema Alikata

Bapendwa muko mu kilio hii, bantu ya Kasulo, bantu ya Manika, na ninyi mulitoka Mutshatsha na treni ya jana, mukae, na bale banakosa kiti basimame kimya, mi njo Simone, nkambo ya ule analala mu sanduku, mama ya mama yake, na jamaa imeniomba nisome historia yake kwa sababu ni mi nilimulea, nilisoma mpaka darasa ya tatu tu, basi fasi nitakwama munivumilie, lakini fasi nitasema ukweli musinikatize.

Mbele nianze mujue kitu moja. Asubuhi ya leo timu yake ya shimo, bale alifanya nabo kazi ya kuchimba madini, ilikataa kushusha sanduku, na kwetu hapa mutu ya shimo anashushwa mu kaburi na timu yake, na kamba ya kazi, na timu ikikataa maana yake ni moja tu, inasema marehemu alikuwa mulozi, na ile jina hatutaizika pamoja naye, itabaki ku mutoto yake. Njo maana nitasoma yote, nyuma tutaona nani atashika kamba.

Marehemu Banza Mechack alizaliwa Mutshatsha tarehe 9 mwezi ya tatu 2001, mutoto ya pekee ya Banza Philippe, mufanyakazi ya reli, na ya binti yangu Florentine, ule tulizika mu mwaka 2008, na nyuma ya pale Philippe alipanda treni kwenda kutafuta kazi, na mpaka leo treni inarudi bila yeye.

Alianza shule ya musingi kulekule Mutshatsha mwezi ya tisa 2007, akaimaliza 2013, mwaka ile tulihamia Kolwezi, akaingia sekondari hapa Manika, akaiacha 2017, hakufukuzwa na mutu, benzake bote balikuwa tayari mu mashimo, na darasa ilibaki mwalimu na mabenchi.

Tarehe 5 mwezi ya pili 2018 alianza kazi hapa Kasulo, ku shimo ya chini ya nyumba ya jirani, habakumushusha, balimuweka ku mulango ya shimo kushika kamba, maana alikuwa na mikono minene na mudomo mufupi, hakusema mingi, na mutu ya kamba ni vile anapaswa kuwa, anasikiliza na vidole, bale ya chini bakivuta mara mbili anajua banataka kupanda. Miaka yote ile hakuangusha hata mutu moja, na bale alipandisha bako hapa, nabaona, bengine banaangalia viatu.

Tarehe 20 mwezi ya nane 2022 alimuoa Ernestine kwa desturi, kule Mutshatsha, kanisani habakufika, padri anajua, asijifanye anashangaa, na Mungu akabapa mutoto moja, Blandine, alizaliwa tarehe 2 mwezi ya kumi 2023, njo ule analala ku mugongo ya mama yake.

Mu mwaka 2024 marehemu alianza kujifunza mazingaombwe, ile michezo ya kudanganya macho, kwa Tata Stany Kisimba, karani ya zamani, ule amevaa kofia pale, alikuwa anacheza ku ndoa na ku sikukuu ya mashule mbele mikono yake ianze kutetemeka. Tata Stany alimuambia mutu anaanza asikimbilie muchezo ya kutisha, achague ile mikono yake inajua tayari, ikuwe mufupi, ikuwe na kitu bantu banashika kila siku, na ikuwe moja tu, maana ukileta kumi, ile haiko tena muchezo, ni soko. Mechack alijaribu yai kupotea mu kitambaa, yai ikapasuka mu mufuko ya koti, akajaribu ingine, mpaka nikaficha mayai ya kuku yangu, nikamuambia hapa kitu inapotea kweli ni chakula yangu. Akataka sanduku, mutu anaingia, banafungua, hayuko. Ernestine akakataa, akasema, «Mi ningali muzima, sanduku ya nini? Chukua nkambo yako.» Nami nikasema mi nitaingia yangu mara moja tu, na hautanionyesha kwa bantu nikitoka. Basi ikabaki kamba, unaikunja, unaikata katikati mbele ya macho ya bote, unapuliza, inarudi nzima.

Tata Stany alifurahi, na kwa mafundisho yake alikuwa na haki, mikono ya Mechack ilijua kamba kuliko kijiko. Lakini Tata Stany ni mutu ya biro, ya karatasi na kalamu, hajui kwamba kwetu kisu haikaribie kamba ya shimo mbele ya mutu anashuka, kamba ikizeeka tunaichoma nyuma ya nyumba, hatuikate na hatuitaje. Mechack alijua. Nilimuuliza kama kichwa yake ilibaki chini ya udongo, akanijibu, «Nkambo, njo maana yenyewe. Kwa kamba nyeupe ya Tata Stany batapiga makofi na kwenda kulala. Kwa kamba yetu bataona imekatwa na imerudi, na ile woga banashuka nayo kila asubuhi itapungua.» Hakutaka kubatisha, bandugu. Alitaka kubapumzisha.

Siku ya Mungu tarehe 29 mwezi ya kumi na mbili 2024, mu ukumbi ya paroki hapa Manika, alicheza mara yake ya kwanza, na timu yake ilikaa mustari ya mbele. Alitoa kamba ya buluu ya kazi, kila mutu akaijua. Kisu ikapita. Akapuliza, akaivuta, kamba nzima, na hakuna mukono hata moja ilipiga makofi. Dodo, mukubwa ya timu, akasimama, akamuuliza, «Hii unaonyesha ni ingine. Ile umekata, iko wapi?» Mechack akacheka tu, maana alimuapia Tata Stany kwamba siri ya fundi haitoke. Ile cheko njo ilimuharibia.

Tarehe 18 mwezi ya pili 2025, Mechack akiwa ku kamba, udongo ilimuangukia Gloire, mudogo ya Dodo, akafia chini, na kamba ikapanda nzima na nyepesi, bila yeye. Kama ingekatika, bangesema kamba ni ya zamani, lakini kwa sababu ilikuwa nzima bakasema njo ile ya ukumbi, inakatika fasi macho haifike. Toka siku ile hakuna mutu alikubali kushuka ku mikono yake, na Dodo alikuwa anasema mbele ya bantu, «Anavuta, ndiyo, lakini anavuta nini?»

Mechack alianza kukaa mu kiwanja yetu mu jua kali, mwisho moja ya kamba mu mikono, ile ingine inalala mu udongo bila mutu, na akaniambia anavutwa mara mbili. Nikamuambia ni kuku inakanyaga. Akanipa nishike. Nilishika. Kuku ilikuwa mbali. Nikamurudishia kamba yake, nikaenda kumenya muhogo, na kile nilisikia mu mikono sikumuambia yeye, na ninyi pia sitawaambia.

Kwa sababu habakumutaka tena ku mulango ya shimo, aliomba kushuka chini, bakamukubalia, sijui kwa huruma ao kwa kumupima, na tarehe 10 mwezi ya sita 2025 udongo ikamufunga kifua. Dodo alimuchimbua na mikono yake mwenyewe mpaka kucha zikatoka damu, ninaisema mbele ya bote, maana iko kweli. Tulimufikisha ku hospitali angali anapumua, hakufungua macho, lakini mikono yake ilikuwa inavuta juu ya shuka, mukono mbele, mukono nyuma, bila kupumzika, muganga akauliza anavuta nini, Ernestine akajibu, «Anamuvuta Gloire.» Tarehe 12, saa nane ya muchana, mikono ikasimama, na hatujui kama alimufikisha.

Sasa Tata Stany, funika masikio yako kama unataka. Ile Mechack alionyesha juu ya ngumi haikuwa katikati ya kamba, ilikuwa kipande ya kamba ingine, urefu ya kidole, alikuwa ameificha mu kiganja, na kisu ilikata ile kipande. Kamba yenyewe ilikuwa inalala mu mukono yake, haikuguswa. Dodo, uliuliza iko wapi, basi umejibiwa, haikukatwa, ata siku moja, mutoto aliipenda kuliko ninyi bote. Alinionyesha ku meza ya jikoni ili nisilale na woga, na ninyi alibaacha na woga mpaka kufa kwake kwa sababu aliapa. Mi sikuapa kitu. Kile ilimuua Gloire, na kile ilimuua yeye, ni udongo ile munachimba chini ya vitanda yenu, na munaijua.

Jamaa inashukuru baganga na bauguzi ya hospitali, inashukuru majirani balituletea maji na viti, na ule mama alipika siku zote bila kuuliza kama tulikula, inashukuru vijana ya taksi-moto balibeba bageni na pikipiki kutoka gare ya treni, na Tata Stany kwa mafundisho, ata kama ananiangalia vibaya, na timu ya shimo kwa miaka yote ya kazi, na kwa kumutoa chini ili tumuzike na uso yake.

Kamba iko pale, pembeni ya kaburi. Dodo, usiangalie chini, chini unaijua vya kutosha. Ukisimama, timu itasimama nyuma yako, na Blandine atakuwa mutoto ya mutu ya kamba, hapana ya mulozi. Ukibaki umekaa, mi na Ernestine na bamama ya jamaa tumefunga vitenge, tutashusha sie, na hautakuwa na neno ya kusema kesho ku mulango ya shimo.

Mechack, mutoto yangu, shuka polepole, tumeshika. Upumzike.